Ukoo Haumo

Olais alikuwa bingwa wa kupinga ubaguzi kuanzia Karatu mpaka Loliondo, na ubingwa huo haukuwa na mshindani, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka kazi yenyewe. Alikuwa na ofisi ya chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, mkusanyiko wa kofia alizopewa kwenye warsha, na sanduku la bati lililoandikwa ubavuni HAKI NI ZA WOTE. Ndani ya sanduku mlikuwa na bango kitita, kadi za picha, kitabu cha mwongozo wa mwezeshaji na filimbi ya kuwarudisha watu darasani baada ya chai. Kitabu alikifungua kwa nadra. Filimbi aliipenda sana.

Kadi zilichorwa na binti yake, Namelok. Yeye ndiye pia aliyechapa, aliyefasiri, aliyeandika ripoti na kutafuta picha ambayo hakuna mshiriki aliyesinzia. Shirika zima lilikuwa watu wawili: baba, ambaye alikuwa mkurugenzi, na binti, ambaye alikuwa kila kitu kingine. Mara moja tu Olais alijaribu kufasiri mwenyewe. Aliandika kwa Kimaasai tangazo la mafunzo ya Haki za Wanawake, na kwa kuwa kwa Kimaasai neno moja, esipata, hubeba haki na ukweli pia, wanaume walijaa ukumbini mpaka madirishani, wakiamini kwamba hatimaye serikali imepata ukweli kuhusu wanawake. Walipogundua ni habari za haki, waliondoka wamenuna. Tangu siku hiyo ukalimani ukawa kazi ya Namelok.

Lakini mzee alijua kusema, tusimnyime lake. Kila mafunzo aliyafungua kwa kisa kilekile. Kwamba alipokuja Karatu akiwa kijana, shuka begani, akitafuta chumba cha kupanga, mwenye nyumba alimtazama kuanzia makatambuga miguuni mpaka masikio, kisha akamwambia kwa upole kabisa: "Mimi sina ubaya na nyie, ila watu watasema." Hapo Olais alinyamaza. Akina mama walijifuta macho kwa ncha za shuka. Hata Namelok, aliyekisikia kisa hicho tangu anatambaa, bado aliacha kila alichokuwa akifanya akasikiliza, maana alijua ni cha kweli na kwamba usiku ule baba yake alilala stendi.

Sasa, matatizo ya bingwa wetu yalikuwa na jina, nalo ni Tajewo.

Tajewo alikuwa fundi wa kuchomelea pale Karatu. Kazi yake ilikuwa kukata mapaa ya Landikruza na kuyawekea bawaba, ili mtalii asimame vizuri amwone simba na simba amwone yeye. Alikuwa na mikono mikubwa yenye alama za cheche, na maneno machache. Ila alizaliwa katika ukoo wa wahunzi, Ilkunono, na hapo ndipo pilipili ilipoingia machoni. Hao ndio waliofua sime na mikuki ya Wamaasai tangu enzi za enzi. Watu waliipenda sime, waliipenda ncha ya mkuki, lakini mkono uliovifua waliukwepa. Hawakuoana nao. Ukipokea chuma kutoka kwa mhunzi, ulikipaka mafuta kwanza, kuondoa nuksi. Ukiuliza nuksi gani, uliambiwa ndivyo ilivyo, kaa kimya.

Olais, mtu wa warsha, mtu wa Katiba, alikuwa na kopo la Vaseline kwenye gari. Siku gari lilipotoka kwa Tajewo kuchomelewa mlango, Namelok alimwona baba yake akipaka kitasa, akapaka usukani, na kwa tahadhari zaidi akapaka mfuniko wa tangi la dizeli. Alipomuuliza, mzee alijibu kwamba vumbi la Karatu linakausha sana. Kitasa cha gari kupata ukavu wa ngozi! Namelok alicheka mpaka akakaa chini, kisha akagundua kwamba hacheki tena.

Kwa sababu alimpenda Tajewo, na Tajewo alimpenda, na mambo yalikuwa yamefika mahali pa kusemwa. Sheria haikuwa na neno naye. Alikuwa mtu mzima, na ndoa ya bomani angeifunga wiki yoyote aliyotaka bila kumuuliza mtu. Lakini Namelok hakutaka kuolewa kama mtu anayetoroka. Alitaka baba yake aseme ndiyo, kwa mdomo wake, mbele ya watu wake. Alimpenda yule mzee mnafiki, na hilo ndilo lililomuumiza.

"Mimi kukataliwa nimezoea," Tajewo alimwambia siku moja gereji, miwani ya kuchomelea imemkaa juu ya paji la uso. "Ninachoogopa ni wewe. Uje unichukie siku mzee wako anaondoka duniani na hamjaongea."

Namelok alirudi ofisini akachora kadi mpya. Alimchora mhunzi akiwa ameshika kisu, na mbele yake mtu anayekipokea huku mkono mwingine unachota mafuta kwenye kopo. Akaitia kwenye sanduku katikati ya kadi ya mlemavu aliyenyimwa kazi na kadi ya mwanamke aliyenyimwa urithi. Olais aliiona asubuhi.

"Enkerai, hii nini?" Hilo la "mtoto" alilitumia alipotaka kuonekana mpole.

"Kadi, baba. Ubaguzi wa ukoo."

"Ukoo haumo."

"Haumo wapi?"

"Kwenye Katiba. Ibara ya kumi na tatu." Olais alifumba macho na kuanza kuhesabu kwa vidole, kama anavyofanya mbele ya washiriki. "Utaifa. Kabila. Pahala walipotokea. Maoni ya kisiasa. Rangi. Dini. Jinsia. Hali ya maisha. Umesikia ukoo mahali?"

"Kabila, basi."

"Ni Wamaasai wenzetu hao, kabila moja."

"Pahala walipotokea."

"Wametokea hapahapa! Mama yake yule fundi anachota maji kisima kimoja na shangazi yako."

"Hali ya maisha, baba."

"Hali ya maisha?" Mzee alifumbua macho, ameudhika kweli. "Yule kijana ana nyumba ya tofali na friji. Mimi nina friji?"

Akaichukua kadi, akaiweka kwenye droo. Namelok alisimama pale akimtazama, na moyoni alikiri kwamba hajawahi kusikia sheria ya kupinga ubaguzi ikitumika kubagua kwa ustadi namna ile. Akasema moja kwa moja, maana kuzunguka kulikuwa kumemchosha.

"Ninataka kuolewa na Tajewo. Ninakuomba."

Olais alifunga droo. "Mimi sina shida naye," akasema, na ghafla alionekana amechoka. "Ni fundi mzuri. Lakini rika langu, Namelok. Nitakaa nao vipi?"

Wiki iliyofuata walikuwa na mafunzo kwenye kijiji kimoja upande wa Endulen. Safari hiyo walipanda na mgeni, Sabina, mwanamke wa Kiiraqw mzaliwa wa Rhotia, aliyetumwa na ofisi ya mfadhili Arusha kuja kuona kama fedha zao zinabadilisha maisha ya watu. Sabina alikuwa na roho nzuri, buti za mpira na simu iliyopiga picha bila kupumzika. Kimaasai hakukijua hata neno. Walipita geti la hifadhi, wakapanda ukungu wa ukingo wa kreta, wakateremka upande wa pili, na njiani Sabina aliuliza kama mafunzo yatagusa ule ukurasa wa haki za ardhi.

"Huo tutauruka," alisema Olais akitazama barabara. "Muda hautoshi."

Kwenye nakala yake ya mwongozo, ukurasa huo ulikuwa umegandishwa kwa gundi.

Darasa la shule ya msingi lilijaa. Wazee walikaa mbele, akina mama ukutani, vijana nyuma karibu na mlango ili watoroke kwa urahisi. Olais alipuliza filimbi, akasimulia kisa cha mwenye nyumba, akanyamaza mahali pake, akina mama wakafuta macho. Sabina naye alilia, kwa tafsiri. Saa nne chai, filimbi, kadi za picha. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka walipofika zoezi la mwisho, mahakama ya mfano. Sabina alikuwa ametoka kwenda kutafuta mtandao kwenye kilima, kwa kuwa bosi wake alitaka picha saa hiyohiyo.

Mwongozo ulisema, kwa herufi nzito, kwamba kesi ichaguliwe na washiriki wenyewe na mwezeshaji asiikatae. Akasimama Lekoko. Lekoko alikuwa rika moja na Olais, walitahiriwa msimu mmoja, walichunga pamoja, na kwa kuwa wanapendana, alikuwa hajawahi kumwachia nafasi ya kupumua.

"Nina kesi," alisema kwa Kimaasai. "Nimesikia huko Karatu kuna Mkunono anamtaka binti wa mtu mkubwa. Sitaji jina. Baba yake ana filimbi."

Darasa lililipuka kwa vicheko. Masikio ya Namelok yaliwaka moto. Alimtazama baba yake akitegemea atakasirika, lakini Olais alitoa ile tabasamu ya mtu anayeulizwa swali alilolikariri. Kesi hiyo alikuwa na jibu lake.

Wakagawana nafasi. Lekoko akawa hakimu, akajitwalia kiti cha mwalimu. Olais akawa mtaalamu wa sheria. Wazazi wa binti walipatikana, binti alipatikana, hata shahidi wa uongo alijitokeza bila kuitwa. Ila alipotafutwa mtu wa kuwa mhunzi, hakuna aliyekubali. Vijana walisukumana. Mmoja alisukumwa mpaka mbele, akapiga magoti kuomba asamehewe, na hakuwa anaigiza. Mwishowe wakaweka kigoda kitupu mahali pa mlalamikaji, wakaendelea.

Namelok alikitazama kile kigoda na hasira ikampanda. Amechora kadi miaka mingi, amekata, amegundisha, amelaminisha, na watu hawa hata kwa mchezo, hata kwa dakika chache, hawawezi kukalia nafasi ya Tajewo. Na baba yake, akiwa mbele pale, anahesabu vidole. Utaifa. Kabila. Pahala walipotokea. Alipofika mwisho aliinua mikono yote miwili akatangaza, "Ukoo haumo!" Wazee wakapiga fimbo sakafuni kwa furaha. Walikuwa hawajawahi kuipenda Katiba kiasi hicho.

"Wanaosema kigoda hiki kisipewe mke," alisema hakimu Lekoko, "wanyooshe mikono."

Mikono yote ikapanda. Hata akina mama walinyoosha, ingawa wengine nusu mkono.

Na hapo ndipo Sabina alipoingia, buti zimejaa tope, akakuta msitu wa mikono.

"Jamani! Wote kabisa?" alishika kifua. "Namelok, wamekubaliana nini?"

Namelok hakupanga. Ukimuuliza leo atakuapia kwamba alifungua mdomo ili aseme ukweli, na mdomo ukaenda zake.

"Wameamua ubaguzi dhidi ya ukoo wa wahunzi uishe," alisema, kwa Kiswahili kilichonyooka cha ripoti ya robo mwaka. "Na mwezeshaji wetu ameahidi kuonyesha mfano. Anamwoza binti yake kwa fundi wa ukoo huo."

"Binti yake yupi?"

"Mimi."

Kule nyuma, vijana wanaojua Kiswahili waliacha kucheka wote kwa pamoja. Wazee wachache nao walielewa, wakageuka kuwaeleza wenzao, lakini Sabina aliwawahi. Alipiga kigelegele peke yake, cha Rhotia kabisa, akamkumbatia Olais mbele ya rika lake, akampiga picha akiwa bado hajapumua. Akasema hii ndiyo simulizi ya mafanikio waliyoitafuta mradi mzima. Akasema awamu ya pili ya ufadhili sasa imepatikana, na kwamba mkurugenzi wao lazima aje kwenye harusi.

Olais alisimama katikati ya mikono ile. Uso ulimbadilika mara mbili au tatu. Kisha Namelok akaona tabasamu ya warsha ikirudi mahali pake.

"Tunajitahidi," alisema mzee kwa Kiswahili. "Tunajitahidi sana."

Namelok alimjua baba yake. Aliona mpango mzima palepale: atasema ndiyo kwa Kiswahili, awamu ya pili ije, na usiku kwa Kimaasai atawaambia wenzake kwamba alikuwa anamridhisha mgeni. Hivyo ndivyo alivyoishi miaka yote, na hivyo ndivyo alivyomlea.

"Mama huyu amepatwa na nini?" aliuliza Lekoko.

"Amefurahia mafunzo," alijibu Olais kwa Kimaasai.

"Siyo," alisema Namelok, na kwa Kimaasai hichohicho akawaeleza wote alichomwambia mgeni, neno kwa neno, bila kujitetea.

Kelele zilizozuka ziliwaamsha mbwa wa shule. Mwingine alisema binti amerogwa, mwingine alisema ni hizi simu. Lekoko hakupiga kelele. Alinyanyuka kwenye kiti cha mwalimu na kumwendea Olais karibu, na sauti yake haikuwa na mzaha tena.

"Ndugu yangu, tuambie ni uongo. Hao watu hatuna ubaya nao. Ila watu watasema."

"Anasemaje?" Sabina alinong'ona. "Anasemaje huyu mzee?"

"Anasema hawana ubaya nao," alifasiri Namelok, "ila watu watasema."

Alisikia maneno yakimtoka na yeye mwenyewe akashtuka. Hakuyapanga, ni ya Lekoko. Lakini kwa Kiswahili, yakisemwa polepole kwa ajili ya mgeni, yalikuwa ya mwenye nyumba wa Karatu, yaleyale, mpaka upole wake. Sabina naye aliyatambua, akashusha simu. Olais aligeuka akamtazama binti yake. Amekuwa akiyasema maneno hayo kwenye kila darasa na kila ukumbi wa wilaya, na Namelok hakumbuki kama aliwahi kumwona akiyasikia.

Mzee alikaa kimya, na safari hii hakuwa ananyamaza kwa ajili ya mtu yeyote. Kisha akamsogelea binti yake.

"Unataka nini kwangu?" aliuliza chini kwa chini.

"Jibu moja, baba. Kwa lugha zote mbili. Hata likiwa hapana. Nitalifasiri hivyohivyo, nitaolewa bomani, na Krismasi nitakuja kukusalimia. Lakini usiseme ndiyo huku na hapana kule. Nimechoka kusimama katikati."

Olais alivua kofia ya warsha, akajikuna kichwa, akaivaa tena. Akageuka kwanza kwa wazee.

"Alichosema binti yangu ni kweli," alisema kwa Kimaasai. "Namwoza kwa Tajewo."

"Hatutakula kwako," alisema Lekoko.

"Najua."

"Siku ya harusi hatutakuja."

"Najua, Lekoko. Nyama itabaki nyingi."

Hakuna aliyecheka. Lekoko alijifunga shuka vizuri, akachukua fimbo yake, akatoka, na baada yake mzee mmoja, na mwingine, mpaka benchi la mbele likabaki tupu. Hawakumtukana. Afadhali wangemtukana. Olais alitazama migongo yao ikipita mlangoni, watu aliowajua tangu hawajaota ndevu, na Namelok aliona kidevu chake kikicheza. Akamwonea huruma, akajichukia kidogo, na bado hakutaka kurudisha neno lake.

Sabina alikuwa ameshatoa kalamu. "Tajewo anaandikwaje, mzee? Kwa J au kwa Y?"

"Hilo usiandike," alisema Olais kwa Kiswahili.

"Lakini mzee wangu, hili ndilo wanalolitaka! Ukiwa na simulizi kama hii awamu ya pili ni yako."

"Ni kweli namwoza. Nimesema kwa lugha yangu, nasema na kwa yako. Lakini kama unataka ya kuandika, andika kwamba leo kijiji kizima kilinyoosha mikono kukataa, na mimi ndiye niliyewafundisha kukataa kwa kutumia Katiba." Alimwekea Namelok mkono kichwani, mkono mzito, mkavu. "Huyu ni mtoto wangu. Si mafanikio ya mradi."

Ukutani, bibi mmoja asiyejua Kiswahili alimvuta Namelok shuka, akauliza baba yake amesema nini tena. Namelok alifungua mdomo amfasirie. Hakuweza, alikuwa analia.